Neno la Ndindi na Blanketi la Cucu

Shauri Moyo,
8 Machi 1981

Lydiah,

Huna haya hata ya kuazima. Salamu utazipata mwisho, hasira ikibakisha nafasi.

Barua yako niliisoma mwenyewe. Sikuenda ngumbaru kusoma uzeeni jioni zote zile ili nisomewe na watu. Lakini ulitia Kizungu ndani. Unawafunza darasa la saba maneno ya watu wenye macho makavu, ukawapa mifano ya nyumbani: mimi, cucu mzaa mama yako, ni cheeky, na Ndindi, mama ya baba yako, ni audacious. Nikampelekea mwalimu Kabiru wa ngumbaru. Akajikuna kichwa, akasema cheeky ni mtoto mtundu anayejibu wakubwa; audacious ni mtu anayethubutu kumshika simba masharubu.

Sasa niambie. Mama yako Wangeci alipofariki, nani alikubeba mgongoni mpaka soko la Gikomba, ukalala juu ya magunia yangu ya maharagwe? Pua ilipokuziba, nani alikunyonya kamasi kwa mdomo wake? Na huyo Ndindi wa mtaa wa Baba Dogo, aliyekuwa akija Krismasi na mkate mmoja, ndiye anapewa simba? Mimi napewa mtoto mtundu?

Tena nasikia sokoni kwamba mchumba wako Muturi akileta mahari, Ndindi ndiye atafunikwa blanketi la nyanya. Anayefunikwa mbele ya watu ndiye anayehesabiwa amekulea. Na jina lako la pili ni langu, si lake!

Nijibu upesi. Haya, salamu. Kifua kimepona?

Cucu wako na wajina wako,
Warigia

Karatina,
17 Machi 1981

Cucu wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua kimepona. Magoti yako yanasemaje na hii baridi?

Cheeky si tusi, Cucu. Ni utundu wa mtu unayempenda. Unakumbuka ulivyomwambia askari wa kanjo la jiji aonje maharagwe kabla hajayamwaga? Akaonja, akasahau kuyamwaga. Ndiyo cheeky hiyo. Impudent ni mwenye mdomo usiojua mkubwa. Brazen anajua amekosa, na bado anakukodolea macho. Audacious anafanya jambo ambalo wengine wote wanaliogopa. Likifaulu husifiwa, likishindwa hulaaniwa.

Kwa nini nilimpa Ndindi neno hilo, nitakueleza tukionana. Aliniomba nisiseme bado. Ni kweli wazee wa upande wa baba wanadai blanketi ni la mama ya baba. Watakutana kwa Ndindi Jumamosi ya tarehe 28. Nakuomba, usiende.

Mjukuu wako,
Lydiah

Shauri Moyo,
29 Machi 1981

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, tena leo sijambo sana.

Nilienda.

Nilisimama nje ya mlango wa Ndindi mpaka wapangaji wakatoka na miiko mikononi. Nikamwambia, "Ndindi, wewe ni brazen!" Nikalirudia polepole, wasije wakasema hawakusikia. "Hukupanda, hukupalilia, leo unakuja kuvuna na gunia jipya! Ukitaka blanketi, nenda Gikomba ununue!"

Ndindi alisimama na kikombe chake cha uji, ananitazama tu. Wazee walikuwa nyuma yake. Nikarudi kwa miguu mpaka Shauri Moyo, na magoti hayakuniuma hata kidogo.

Cucu wako

Karatina,
6 Aprili 1981

Cucu,

Natumai u mzima. Mimi silali.

Ulipofika pale kwa kelele, Ndindi alikuwa ndiyo kwanza amewaambia wazee: "Mtoto huyu hatukumlea. Mkinifunika mimi, tumeiba. Mleteni Warigia." Mwanamke peke yake, mbele ya mashemeji zake! Alinidokezea mapema kwamba atayasema, ndiyo maana nikamwita audacious. Nilinyamaza kwa sababu alitaka kuja kwako akuambie kwa mdomo wake.

Sasa wazee wameapa kwamba mwanamke wa matusi hatakanyaga ua wao siku ya mahari. Na Ndindi ameapa kwamba usipokuja, atajifungia chumbani, na wakitaka wamfunike mbuzi. Siku ni tarehe 2 Mei. Nitakaa pale bila nyanya hata mmoja.

Lydiah

Shauri Moyo,
22 Aprili 1981

Lydiah Warigia,

Uko salama? Kimya changu kisikutishe. Nilikuwa napika.

Nilipika njahi, yale maharagwe meusi ya kupikiwa mwanamke wa heshima, nikazipeleka Baba Dogo. Pole sikusema. Mdomo ulikataa, ulichokubali kusema ni "Kula." Wapangaji wakatoka tena, wakangoja Kizungu. Nikawaambia kwa sauti ile ile, "Mwenye macho makavu siku ile nilikuwa mimi. Haya, rudini kwenye sufuria zenu!"

Ndindi akala, akasema, "Chumvi imepungua, mama Wangeci." Hiyo ni impudent au siyo? Niandikie. Lakini aliniita kwa jina la marehemu mwanangu, nikamwongezea njahi.

Akawaita wazee. Walikula, wakajifuta midomo, wakasema mwenye njahi hizi aje, ila sufuria iwe kubwa zaidi.

Usidhani moyo umetulia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikimwonea wivu. Blanketi angelinyakua, ningemchukia vizuri, nilale. Sasa kumbe lile neno la simba ni haki yake, na linaniuma kuliko blanketi lenyewe.

Kufunikwa peke yangu nimekataa, asije akatembea Baba Dogo yote akisema ni yeye alinipa. Mwambie Muturi atafute blanketi la kitanda kipana, tufunikwe wote wawili. Mimi nikae kulia, na ule upindo wenye mistari uje begani kwangu, si kwake. Mwambie leo hii, kabla hajanunua dogo.

Cucu wako na wajina wako,
Warigia