Mlango Ulioufunga Ndani ya Chipu

Nyakundi mwanangu, tata wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, ndicho nilichofundishwa kuandikia, na shule yangu unajua ilikomea wapi. Ekegusii, lugha yetu, tunaongea moyoni.

Tangu tukuzike hapa Manga, ile mashine uliyonitengenezea ya kuangua vifaranga imeharibika. Joto linapanda lenyewe, vifaranga wanafia ndani ya mayai. Jirani yetu Mama Bosibori, mwenye jogoo mmoja tena mwenye makengeza, ananiuliza, "Mama injinia, leo umechemsha mangapi?" Mimi! Niliyewaambia wanawake wote wa kanisa kwamba Nyamira nzima haina kichwa kama chako.

Kemunto mliyefanya kazi naye Kisii alikuja. Akabadilisha taa, akabadilisha kipima joto, wapi! Akasema kosa liko kwenye programu uliyoiandika, ndani ya chipu, ubongo wa mashine. Nikamwonyesha zile pini za pembeni ulizonieleza siku ile tukimenya ndizi: "Mama, nikichomeka waya hapa naisimamisha chipu katikati ya kazi, naitembeza hatua moja moja, naona inachowaza." Nikakwambia hata daktari hana mlango kama huo kwa mtu. Ukacheka mpaka ukaangusha kisu.

Ulipougua, tata, hakuna aliyepata pa kuchomeka waya.

Kemunto akachomeka. Hakuna kilichosomeka. Akasema polepole, "Mama, aliufunga." Nikakumbuka. Ulichoshwa na watu wa mjini kunakili kazi yako, ukaufunga mlango huo. Ukifunguliwa, chipu inajifuta yote kwanza, hata anayefungua akiwa wewe. Hilo nalo nililitangaza: kufuli ya mwanangu haina mwizi!

Basi tutafute nakala ya programu kwenye kompyuta yako. Lakini baada ya mazishi wazee waligawa vitu vyako, kama desturi. Koti kwa baba yako mdogo, kompyuta kwa binamu yako Ombati wa Ogembo. Ombati akaisafisha yote apate nafasi ya filamu za dukani kwake. Hakujua. Nani angemwambia? Kompyuta tuliigawa kama shati.

Sasa ulichoandika kimebaki ndani ya chipu hiyo tu, na hakuna wa kukisoma. Kemunto anataka aifute, aandike programu yake, mashine ifanye kazi. Ni mtoto mzuri, hana kosa. Lakini itakuwa yake.

Nimemkatalia. Mayai nimeyatoa. Mashine nimeiacha kwenye stima, tupu, inapasha hewa. Kuna kataa, taa yake ndogo ya kijani, kanapepesa, na kila kakipepesa najua ni wewe uliyekaambia. Haisaidii kitu, najua. Sikuoni, sikusikii, na Sabato ikifika bado naweka sahani yako, halafu naiondoa.

Lala, tata. Nakuahidi, nikiwa hai hakuna mkono utakaoifuta chipu yako. Nikifa, sijui.

Mimi, bado Mama Nyakundi.