Siku Mimi na Mama Mkwe Tulipovuka Lualaba

Mpendwa Mama mkwe,

Ulipokuwa hai nilikuheshimu kwa kukukwepa. Ukitokea njia hii, nilipinda ile. Ukinipikia, nilishukuru nikiwa nyuma ya ukuta. Ndivyo ukwe unavyotaka. Nivumilie basi, leo nasema nawe moja kwa moja.

Wakati wa vita tulijificha kwenye kisiwa katikati ya mto Lualaba, familia chache, bila muuguzi wala dawa. Asubuhi moja Zaina, binti yako, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto alilia vizuri; damu ya mama yake ndiyo haikukoma. Tulikuwa tumekwisha kuzika wanawake wawili kwa sababu hiyo hiyo. Nami nilisimama nje, macho chini, kwa kuwa ulikuwa ndani.

"Mutoto wangu anakufa, nawe unaangalia udongo?" ulisema. "Bukwe ibaki hapa. Kamata kasia."

Tukavuka mchana kweupe. Ulipiga kasia mbele, mimi nyuma, Zaina kati yetu na mtoto kifuani. Ulinigombeza safari nzima kwa kuupeleka mtumbwi upande. Zaina, ambaye hakuwa na nguvu hata ya kuinua kichwa, akacheka kidogo. Nikaanza kutumaini.

Kivukoni askari wakatuelekezea bunduki, wakaniuliza mimi ni nani.

"Ni mukwe wangu," uliwajibu. "Hajui hata kupiga kasia. Vita atawezea wapi?"

Wakacheka, wakatupisha. Mkunga wa mjini akaisimamisha ile damu, na jioni Zaina akaomba uji. Kesho yake uliponiona uani, ukageuza njia kama zamani.

Mtoto yule, Sifa, amejifungua wiki iliyopita hapa Mikelenge, mtoto wa kiume. Damu ilitaka kumfanyia yale yale. Lakini mkunga alikuwa na sindano tayari, na kabla sijapata pa kukaa, alitoka akasema, "Baba, mama na mutoto, wote wako muzuri." Nililia mbele za watu, Mama, na sikuona haya.

Zaina ana mvi sasa. Kila asubuhi anaimba akichemsha chai, anaimba vibaya sana, nami namsikiliza hadi mwisho. Asubuhi hizo zote nimezipata kwako, na sikuwahi kukushukuru nikikutazama usoni.

Asante, Mama. Pumzika vema.

Mkwe wako,
mume wa Zaina