Nyimbo za kwenye simu

Telesia!! Nimeumbuka, tena kanisani, mbele ya wazazi wote!

Padri kawauliza watoto wa komunyo ya kwanza nani anawasalisha nyumbani. Mwanangu Pelenatete huyo, mkono juu.

"Baragumu la sala ya jioni likilia, mama anafungulia nyimbo za kanisa kwenye simu, kwa sauti kubwa, ili wazee wanaozunguka kijijini kukagua nani anasali wadhani tunasali. Halafu tunakula."

HALAFU TUNAKULA, Telesia!

Mkubwa wa hao wazee alikuwa nyuma yangu. Akakohoa!

Padri akamwambia mtoto, "Mama akianza kusali, nawe utapokea komunyo."

Sasa hivi baragumu linalia. Mtoto kakaa mkekani, kanyoosha mkono anataka simu. "Leo anzisha sala wewe, mama."

Upesi, kabla hajaninyang'anya: sala ya kutubu inaanzaje?