Cherehani Yangu na Mpunga wa Kijani

Bwana Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie maana nimechoka, na hapa Mlandege kila ninayemwambia anamtetea mume wangu. Kaka yangu Muharami anacheza karata, hilo sifichi, na mume wangu Bushiri amempiga marufuku kwetu, hata siku ya arusi ya binti yetu Chiku kaka alikaa nje kama mpita njia, na watu wa msikitini wakasema Bushiri ni mwanamume kweli. Lakini huyo Bushiri kila mwaka huenda Usangu kununua mpunga ungali kijani shambani, analipa kabla haujatoa punje, mwaka juzi mto ukaufunika, mwaka jana ndege wakaumaliza, na akirudi mikono mitupu majirani humjia na pole nyingi, wanasema ndiyo biashara, nami naendelea kushona nguo za watu ili tule. Sasa anataka kuuza cherehani niliyoachiwa na marehemu mama akanunue mpunga tena. Nilipomwambia hiyo nayo ni kamari alikasirika, akasema, "Mama Chiku, mimi wa kufananishwa na Muharami?" Je, nikikataa nitakuwa nimemkosea mume?

Mwanakhamisi,
Mlandege, Iringa

JIBU

Pole, Bibi Mwanakhamisi. Hata hapa Mbeya waume wa namna hii tunao, na nimechoka kuandika habari zao.

Kwanza nikugombeze kidogo: usimsafishe kaka yako kwa makosa ya mumeo. Karata ni karata, anachopata Muharami kimetoka kwenye sufuria ya mtu mwingine.

Lakini hata kulima ni kubahatisha. Kupanda lori linaloteremka mlima wa Kitonga ni kubahatisha, hata kuolewa ulibahatisha, na hakuna aliyekuita mcheza kamari. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mkulima akipeleka mbegu shambani huacha nyumbani cha kula. Mumeo anataka kuuza chombo kinachowalisha, tena hakukuuliza, amekuarifu tu. Hapo amekwisha kaa kwenye mkeka wa karata pamoja na shemeji yake, ingawa kanzu yake ni safi na watu wanampa pole.

Cherehani ni mali yako, na dini yenu inalitambua hilo. Kukataa si kosa. Mwambie kwa heshima, mbele ya mkubwa wa ukoo wake, kwamba akitaka mpunga anunue uliokwisha vunwa, hata kama faida ni ndogo. Usilie wala usiifiche cherehani kwa jirani.

Na siku atakapomleta mnunuzi, akukute umekaa unashona. Mpime mnunuzi huyo mabega, mshonee shati, aende zake.