Michikichi Niliyopanda Kwenye Udongo wa Mama Masoka

Baraka

Baba yangu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote, wewe na mguu wako wa kushoto, maana huo mguu ni kama mtu wa tatu hapo nyumbani na lazima nao uulizwe hali. Unaendeleaje? Bado unauchua kwa mawese ya moto kila asubuhi, au umeanza tena uvivu? Kikohozi cha Mama mdogo kimekwisha? Mimi niko salama. Nakula, nalala, nasali. Nimekonda kidogo, lakini ni kukonda kwa kazi, usianze kuwaza magonjwa.

Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, wewe simu unaiweka sauti kubwa ili majirani wote pale kambi ya wakimbizi wasikie kwamba binti yako anakupigia kutoka Kongo. Mambo ya leo sitaki yasikiwe na mtaa mzima. Nimempata mama mmoja mfanyabiashara wa samaki anayevuka ziwa kupitia Kazimia, ameahidi kwamba akifika ng'ambo barua hii ataikabidhi kwa mtu wa kanisa letu, hata kama imenuka ndakala, hao dagaa wake.

Kila tukiongea unaniuliza swali lile lile: ujiandikishe kwenye orodha ya wanaorudi nyumbani, au usubiri? Umeuliza mara nne sasa. Na mimi kila mara nakujibu, "Shamba lipo, Baba, subiri kidogo tu," halafu nageuza maneno nakuuliza habari za kwaya. Leo nataka kukujibu sawasawa. Ila kwanza sharti niungame kitu, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kumwita Mama mdogo aje asikie unavyonilalamikia.

Lile shamba nililokusimulia, la mteremkoni karibu na mto Mutambala, lenye udongo mweusi, si la kwetu. Niliazimwa na mjane mmoja anayeitwa Mama Masoka. Nilikuwa nasema "shamba langu" kama mtu anavyosema "kiti changu" kanisani. Lakini nilijua wewe utaelewaje, na nikakuacha uelewe hivyo. Nisamehe.

Kule kwenu juu milimani, ulikozaliwa, nilijaribu kwenda mwezi ule ule nilipofika. Nilifika nusu ya njia tu. Nikakutana na kina mama wanashuka na mizigo kichwani, mmoja akanishika mkono: "Dada, rudia. Bale ba bunduki bamekaa ku njia." Wanasema mashamba yenu yapo, ila yamekuwa msitu, na hata anayethubutu kulima wanaovuna ni wengine. Nilirudi nikilia, nikakwambia kwenye simu kwamba nina mafua.

Basi nikabaki Baraka na kutafuta kazi. Sasa tuko vijana kumi na sita kwenye kitalu cha miche. Wapo waliotoka kambini kama mimi, wapo Warundi wawili wanaokuja kutoka kambi yao ya Lusenda, na wapo waliotoka kuchimba dhahabu Lulimba. Mmoja wa hao wachimbaji anaitwa Mulondani. Alikaa mashimoni miaka mitatu, akatoka na mgongo mbovu na mikono mitupu, na sasa hakuna anayejaza mifuko ya udongo kwa haraka kama yeye. Usianze kuuliza maswali, ni rafiki wa kazi.

Kuna mradi ulikuja ukatufundisha, ukatuachia ndoo za kumwagilia, ukaondoka. Kazi tumeendelea nayo wenyewe. Tunachagua vijiti vya mihogo visivyo na ule ugonjwa unaokunja majani, tunavikata, tunavizalisha na kuwauzia wakulima. Hivyo vinatoka haraka. Maharagwe pia. Watu hapa wanataka kitu cha kupanda leo na kuvuna kabla mambo hayajaharibika. Kilichododa ni miche ya michikichi, hiyo mnayoiita ngazi. Nilimuuliza Mulondani kwa nini, akaniambia, "Batu banaogopa ngazi. Inakulaka myaka ine mbele ikupatie mafuta. Nani anajua kama atakuwa bado hapa?"

Miche ikazidi kurefuka, mizizi ikaanza kutoboa mifuko. Tukakubaliana kila mmoja achukue ya kwake, thelathini thelathini. Baba, niliipokea kama mtu aliyepewa ng'ombe. Tangu nikiwa mtoto wa kulilia uji wewe unanisimulia michikichi ya Fizi: jinsi baba yako alivyoikwea na kisu kiunoni, jinsi siku ya kukamua watoto walivyozunguka pipa wakichovya vidole na kuungua. Ulinisimulia kila kitu. Kitu kimoja tu hukunisimulia, na hicho ndicho kilichoniponza. Na mimi niliyekulia mahali ambapo shamba ni vitanda viwili vya mboga nyuma ya nyumba, ningejulia wapi?

Nilipanda Ijumaa na Jumamosi, katikati ya maharagwe, hatua tisa tisa kama tulivyofundishwa. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku utakapokuja nikushike mkono, nikupeleke pale bila neno, uone mwenyewe. Watu walikuwa wanapita njiani wananisalimia, "Kazi, dada!" nami naitikia kwa furaha, kumbe wanaenda moja kwa moja kwa Mama Masoka kumpa habari.

Jumapili baada ya ibada nikamwona anakuja, bado na kitenge chake cha kanisani, anatembea upesi kuliko umri wake. Hakunisalimia.

"Nani alikuambia upande ngazi mu shamba yangu?"

Nikacheka, Baba. Nilidhani anatania. Nikamwambia ni zawadi, kwamba shamba litapendeza.

"Zawadi? Mi nilikupatia udongo ya kulima maharagi. Sikukupatia udongo ya kupanda miti! Unataka kutunyang'anya?"

"Mama, sikujua..."

"Haukujua? Mutu mukubwa vile? Toka. Sitaki kukuona tena mu shamba hii."

Akaondoka. Maharagwe yangu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua. Nilikaa chini pale pale. Niliwaza maharagwe, lakini zaidi nilikuwaza wewe, kwamba sasa nitakuambia nini, maana hata uongo wangu nilikuwa sina tena mahali pa kuuegemeza.

Mulondani nilipomsimulia alicheka mpaka akashika mgongo, kisha alipoona sura yangu akaacha. Ndiye aliyenieleza. Huku, aliyeazimwa shamba analima kitu cha msimu, anavuna, anashukuru. Hata mihogo lazima aombe, kwa sababu inakaa sana ardhini. Lakini mti ni jambo jingine kabisa. Ukipanda mti umesema udongo ni wako, na ukikaa ukazaa, kesho watoto wako watasimama mbele ya shefu wa kijiji waseme, tazameni miti ya mama yetu. Akaniuliza, "Baba yako hakukuambiaka?" Nikasema hukuniambia. Nilikukasirikia kidogo siku hiyo, nakuambia ukweli. Halafu nikafikiri kwamba ulipokuwa huku wewe hukuwahi kuazima udongo wa mtu, kwa hiyo sheria hiyo hukuihitaji. Hasira ikaisha.

Jumanne nilikwenda kumwomba radhi. Nilipiga magoti mlangoni kwake, sikujitetea. Nilimwambia nitaing'oa yote mwenyewe. Akasema, "Utaing'oa we mwenyewe, hapana mi." Nikaenda.

Nilianza kuvuta mche wa kwanza kwa nguvu, kwa uchungu, na ukakatika. Wa pili pia. Wa tatu nikasikia sauti nyuma yangu: "Usivute hivi, utaua mizizi. Chimba na udongo yake." Alikuwa amenifuata na jembe lake. Baba, yule mama alipiga magoti kwenye matope akachimba pamoja nami mche mmoja mmoja, anazungusha jembe taratibu, anainua na donge lake la udongo, ananikabidhi kwa mikono miwili. Mimi machozi yanatoka, yeye anajifanya haoni.

Tulipofika kama nusu ndipo akaniambia sababu. Wao pia walikimbia. Walikaa Kigoma miaka mingi, mume wake alifia huko, na waliporudi walikuta lile shamba lao kubwa la kando ya barabara limejaa migomba na michikichi ya watu wengine. Walishtaki. Wakaulizwa: miti hii mlipanda nyinyi? Basi likaishia hapo. "Hii ndogo ndiyo ilibakia," akasema. "Nilipoona ngazi, roho yangu ilikufa." Nilimwomba radhi upya, safari hii nikijua naombea nini.

Akaniuliza kwa nini nilitaka kupanda miti wakati sina hata mtoto. Nikamwambia habari zako. Kwamba una mguu unaouma, kwamba kambini wanawahimiza kurudi, kwamba unaogopa kurudi mahali pasipo na pako. Kwamba nilitaka ufike ukute umekwisha kupandiwa. Akaendelea kuchimba. Tukamaliza ishirini na minane iliyopona, Mulondani na wenzake wakaja na mifuko mipya, tukairudisha kitaluni.

Alhamisi akaniita nyumbani kwao. Nilikuta mwanawe mkubwa, Mwalimu Lubunga, ndiye msemaji wa ukoo wao tangu baba yake afariki. Ni mtu wa maneno machache, alikuwa bado na chaki kwenye mikono. Alinikemea kwanza, na ilikuwa haki yake. Kisha akasema maharagwe yangu niyavune, na msimu unaokuja naweza kulima tena, karanga au mahindi, ila mti hapana. Nikashukuru, nikainuka niondoke. Mama Masoka akanionyesha kiti, akasema, "Ikala. Hatuyamaliza."

Akamwambia mwanawe kwamba juu kidogo, karibu na kanisa, kuna kipande ambacho si shamba, kinaweza kuwa kiwanja cha mtu kujenga. Na mtu akipewa mahali pa kujenga, kwenye uwanja wake anapanda mti anaotaka, hakuna wa kumuuliza. Mwalimu akafikiri, akakubali kwa kichwa. Mimi nikaruka, nikaanza kuomba hapo hapo: nitajenga, nitachimba msingi, nitatafuta bati. Mama Masoka akanikatiza.

"Hapana we. Kwetu muzazi ndiye anaombaka fasi ya kujenga. Mutoto hawezi kuombea baba yake udongo kama baba iko muzima. Aje akae hapa, kwa hii kiti, tumuone macho. Aseme na kinywa chake kama anakuja kukaa na sisi."

Nilisema, lakini Mama, hawezi kuja kabla hapajawa na mahali. Akanijibu, "Na mahali haiwezi kuwa kabla hajakuja."

Basi, Baba, jibu la swali lako ndilo hilo, na siku tatu nalizungusha kichwani sijui nikupe vipi. Sitakuficha. Mwezi uliopita tulisikia risasi upande wa milimani. Watu walifunga maduka, tukalala na mabegi yetu mlangoni, na siku ya tatu soko likafunguka na bei ya sombe, kisamvu cha huku, ikawa ile ile. Ndivyo tunavyoishi. Siwezi kukuapia kwamba haitatokea tena. Chumba ninachopanga ni kimoja na kinavuja upande wa dirisha. Na wakikuona na kukusikia, bado wanaweza kusema hapana.

Nisalimie Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu mzazi alipotangulia, mwambie kile kitenge chake cha njano ninakivaa Jumapili tu. Nisalimie kaka yangu Selemani, fundi baiskeli wetu, aache kukubishia. Mdogo wangu Neema, mwanafunzi, asome Kifaransa, huku kinahitajika. Shangazi na maneno yake mengi, msalimie kwa upole. Na mchungaji aliyenibatiza, mwambie aniombee kwa jina, asiniweke tu kwenye "wote walio safarini."

Mimi nilitaka nikuite siku moja tu, ukishuka kwenye boti ukute nyumba ina mlango, na kivuli, na mahali pa kuketi, na mtu asikuulize wewe ni nani. Nimejitahidi, na nimefanya makosa, na sasa nimeelewa kwamba siku hiyo siwezi kuileta peke yangu. Kaandikishe jina lako, Baba. Hapa hakuna kilicho tayari ila mimi.

Binti yako akupendaye,

Riziki