Bima ya Dereva Mmoja

Mandewa, Singida

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa hapo pembeni anasubiri. Mgongo wako unaendeleaje? Dada aliniambia siku hizi unalima asubuhi tu, jua likipanda unarudi ndani. Ufanye hivyo hivyo. Sisi huku ni wazima. Upepo unatujazia vumbi hadi kwenye vyombo, na watoto wana mafua, lakini shule wanakwenda.

Uliniuliza habari ya bima ya gari, simu ikakatika. Habari yenyewe ni ndefu, ndiyo maana naandika.

Unajua pikapu ndiyo inayotulisha. Mume wangu Elia anawabebea wakulima alizeti na vitunguu. Bima ndogo ni nafuu, ila inalipa wale tutakaowagonga tu. Gari letu likiharibika, shauri yetu. Bei ya bima kubwa nayo ikatushtua. Elia akataka tuseme gari ni la kutembelea, kwa kuwa la biashara linatozwa zaidi. Wakala, mama mmoja mpole mwenye ofisi Utemini, akamwambia, "Baba, ukipinduka na magunia ya alizeti, nani ataamini ulikuwa unatembea? Utakuwa umelipa bure." Akatuonyesha njia za halali. Gari lilale ndani ya uzio. Hasara ndogo ndogo tuzilipie wenyewe. Tulipe mwaka mzima kwa mkupuo. Na dereva aandikwe mmoja tu, Elia. Hapo bei ikashuka, tukapumua.

Haukupita muda mrefu, Yohana, mdogo wake Elia, akaja kuazima gari apeleke maharusi. Elia akamkatalia, akamweleza sababu. Yohana akaenda kijijini Mkiwa kumwambia mama yao kwamba tumepata gari, sasa tunawaringia. Mama mkwe akaacha kutupigia simu. Nikimpigia mimi, anaitikia salamu, basi. Iliniuma, Baba. Mama yule ndiye aliyenipokea huku nikiwa sijui hata neno moja la Kinyaturu.

Juzijuzi Elia alikwenda Dodoma kwa basi kutafuta vipuri. Mchana jirani wa mama mkwe akanipigia: mama ameteleza akitoka kisimani, mguu umevunjika, kukaa kwenye basi hawezi. Nikatafuta gari la kukodi, sikupata. Nikampigia wakala.

"Nikiendesha mimi leo, itakuwaje?"

"Leseni unayo, mama, barabarani hakuna wa kukuzuia. Ila ukipata ajali, gari lenu hatulilipi. Jina lako naweza kuomba liongezwe, lakini jibu ni kesho."

Nikampigia Elia. Akaniuliza wakala amesemaje, nikamweleza. Kisha akasema, "Ufunguo uko juu ya kabati. Nenda polepole."

Nilikwenda, Baba, polepole kama alivyosema. Kila lori lililonipita niliona kama linakuja kuchukua chakula cha watoto wangu. Mkiwa tulimlaza mama nyuma kwenye godoro, jirani zake wawili wakamshikilia. Njiani mbuzi walikatiza, nikakanyaga breki taratibu kama ulivyonifundisha, bila kulishtua gari. Nikasikia mama akiniambia kutoka nyuma, "Endesha tu, mwanangu, siumii." Alikuwa anaumia sana.

Hospitali walipomfunga mguu akapata nafuu, akaniuliza, "Yohana mlimnyima kwa ajili ya bima. Mbona wewe umeendesha?"

Nikamwambia, "Mama, ile ilikuwa harusi. Kwa harusi tusingekubali kupoteza gari. Kwako nimekubali."

Akageuza uso ukutani. Nilidhani nimemkosea. Kumbe alikuwa analia. Baadaye Yohana alipofika, mama alimwambia mbele yangu, "Usije ukanirudishia tena maneno ya gari."

Elia aliporudi alikwenda moja kwa moja Utemini kuniandikisha. Bima imepanda kidogo, akalipa bila kunung'unika. Yohana leseni yake bado changa, naye angeipandisha sana. Wakala kasema asubiri. Mama yuko hapa kwangu mpaka mguu upone. Siku za kliniki Elia hujitolea kumpeleka, naye hukataa. Anasema atapanda na mkwe wake.

Nisalimie dada na mumewe, mjomba fundi cherehani, na bibi wa jirani aliyekuwa akitufungulia geti ulipokuwa unanifundisha kuendesha. Mama mkwe naye anawasalimu. Anasema kumzaa binti ni jambo moja, na kumpa mkono uliotulia ni jingine, na kwa yote mawili anakushukuru.

Ni mimi binti yako,
Anastazia