Chiriku Mbele ya Wasaili

Nyumba za Wauguzi,
Chumba Na. 6.
14 Agosti

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. Hujambo huko kwenye baridi? Kile kifua kimepona, au bado unaacha dozi katikati? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu.

Sasa habari unayoisubiri. Juzi Chiriku wako alifanyiwa usaili wa uuguzi hapa chuoni. Nafasi arobaini, waombaji mia tatu na ushei. Uliniandikia kwamba binti anayelia akiona kuku akichinjwa hafai wodini, na akikosa safari hii akasomee biashara. Maneno yale yaliniuma.

Mimi ni mmoja wa wasaili. Alipoitwa niliinuka nikatoka, maana kwa utaratibu wetu haturuhusiwi kumsaili ndugu. Nikakaa kwenye benchi la koridoni, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Kwenye maswali, kaka, alitia aibu. Domo lote lile la nyumbani, pale "ndiyo" na "hapana" tu! Nikajua tumekwisha.

Kisha wakamwambia amgeuze mgonjwa, yaani lile sanamu letu la kufundishia. Wenzake walilivuta kama gunia. Yeye alisugua viganja kwanza vipate joto, akaliinamia, akasema, "Nakugeuza upande wa dirisha, Mama. Ukiumia niambie." Halafu akasubiri. Kaka, alisubiri jibu la sanamu!

Hakuna aliyecheka. Matroni wetu, mtu asiye na mchezo, akamwuliza nani amemfundisha.

"Mama mwenyewe," akasema. "Alikuwa ananielekeza panapouma."

Nililia pale benchini bila haya. Unakumbuka nilivyokuambia kuwa siku ya kumwosha marehemu wifi yangu, mama yake, sikuona kidonda hata kimoja mgongoni, baada ya miezi minne kitandani? Nilimsifu msaidizi wa nyumbani mbele ya watu wote. Binti yako alikuwa amesimama hapo hapo, akanyamaza.

Mjomba anakusalimu, na bibi mdogo anauliza kama unakula. Mungu akulinde ugenini.

Orodha imebandikwa leo asubuhi, naye ni wa kumi na saba. Anaogopa kukupigia. Mpigie wewe, kaka yangu, na usianze na hongera. Anza na asante.

Dada yako akupendaye, goti na vyote,
Mdogo wako wa pekee